Udongo na Washairi Wake

Viumbe wengi wa dunia hii wamepata sifa zao katika maneno ya wanadamu: simba ametungiwa hadithi, njiwa ametungiwa nyimbo za mahaba, na hata sungura, pamoja na udogo wa umbo lake, amepewa nafasi ya heshima katika ngano za watoto, lakini wale wanaokaa chini ya nyayo zetu, ambao bila ya kazi yao hatungepata tonge la kutia kinywani, wameishi karne baada ya karne bila ya msifu wala mwombolezaji. Huzaliwa gizani, hufanya kazi gizani, na hufa gizani, na sisi tunaokula matunda ya jasho lao hatuwajui kwa majina, na pengine tukiwaona juu ya jembe huwatupa kando kwa karaha.

Nayaandika haya si kwa kuwa mimi ni mtaalamu wa udongo, maana fani yangu tangu ujana ni kusomesha lugha na kuwafundisha watoto nyimbo. Nayaandika kwa kuwa umri umenionesha jambo moja ambalo naliona ni amana, na amana haifai kufa na mwenyewe. Jambo lenyewe ni hili: insani hahifadhi kitu kwa kuambiwa tu kwamba kina manufaa, bali hukihifadhi kile ambacho moyo wake umekwisha kukifahamu na kukipenda, na madhali viumbe wa udongo wamefichwa machoni petu kwa namna ya maumbile yao, hapana njia fupi ya kuwaleta mbele ya moyo wa hadhara kuliko mlio wa ngoma, beti za shairi na rangi za mchoraji.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, na nilikulia katika mji ambao kila kazi ilikuwa na wimbo wake. Walikuwapo walioimba wakitweka tanga, walioimba wakivuta jarife, na wanawake walioimba wakitwanga, mmoja akianza na wenziwe wakipokea, hata mtoto akajua saa za mchana kwa nyimbo alizozisikia kabla hajajua kusoma saa ya ukutani. Katika malezi yale nilipata kuamini, bila ya kufundishwa na mtu, kwamba kazi isiyo na wimbo ni kazi ambayo watu hawajaikubali kuwa yao. Imani hiyo niliibeba nilipopelekwa kusomesha upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, na huko ndiko nilikoiona ikithibitishwa na tarehe ya watu wengine.

Milima ile ni mikali kwa mteremko na mvua zake ni nyingi. Kila masika yakishika, vijito vinavyouendea mto Ruvu hugeuka rangi na kuwa vyekundu, na wekundu ule si kitu kingine ila ni mashamba ya watu yanayosafiri kwenda baharini bila ya idhini ya wenyewe. Mtu akitaka kujua thamani ya mali inayopotea hivyo, na azingatie kwamba udongo wa juu, ule wenye rutuba, huchukua mamia ya miaka kuumbika kwa unene wa sentimita chache tu, na mvua moja ya usiku yaweza kuuchukua kabla ya adhana ya alfajiri.

Serikali ya kikoloni iliyaona maovu hayo, wala haikukosea kuyaona. Katika miaka ya 1950 ilileta mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, na shina la mpango huo lilikuwa ni kuwalazimisha wakulima kuchonga mlima kwa matuta ya ngazi, kila nyumba kwa kipimo chake, na asiyefanya akatozwa faini. Katika mwaka 1955 uvumilivu wa watu ulikwisha, ghasia zikazuka Matombo, askari wakafyatua risasi na damu ikamwagika. Na baada ya hapo mpango mzima ukaachwa. Yaliyoandikwa juu ya tukio hilo aghalabu huhesabu sababu za kisiasa, nazo ni za kweli, kwani zama zile zilikuwa zama za kudai uhuru. Lakini ipo sababu nyingine ambayo niliisikia kwa wazee wenyewe, na ambayo wataalamu pia waliikiri baadaye, kwamba katika ardhi ile nyembamba kuchonga ngazi kulifukia udongo wa juu na kuutoa nje udongo wa chini, ambao ni mfu, na mahindi yaliyopandwa juu yake yakatoka manjano na dhaifu.

Bibi mmoja, ambaye wakati wa matuta alikuwa mwanamwari, alinieleza jambo hilo kwa maneno ambayo sijapata kuyasahau. Nilimwamkia na kumwuliza kwa nini walikataa kazi ambayo ingewafaa wao wenyewe, akanijibu kwa upole: “Mwalimu, walikuja kuuchuna mlima ngozi, kisha wakatuambia tupande mbegu juu ya nyama. Wangetuuliza, tungewaambia kwamba uhai wa shamba umo katika ngozi.” Alikuwa hajapata kusikia habari za bakteria wala kuvu, na hata hivyo elimu ya udongo aliyokuwa nayo ilikuwa sahihi kuliko ya bwana aliyempimia matuta. Hapo nilipata ibra yangu ya kwanza, kwamba anayetaka kuihamasisha kaumu juu ya jambo lolote, na aanze kwa kusikiliza yale ambayo kaumu hiyo inayajua tayari.

Miaka ilipita, na nikafikia umri wa kustaafu, nikabaki kule kule mlimani kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuwa mwenyeji. Ilipokaribia mwaka 2015, ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Udongo, shule yetu ilitembelewa na mwanachuoni mmoja wa elimu ya udongo kutoka Morogoro, mtu mwenye subira na adabu, akachimba shimo refu kando ya shamba la shule ili watoto waone tabaka za ardhi: ile nyeusi ya juu yenye mboji, kisha ya kahawia, kisha nyekundu yenye chuma, kisha mwamba uliooza. Akawaeleza kwamba kijiko kidogo cha udongo wenye afya chaweza kubeba bakteria wapatao bilioni moja. Kwamba nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko unywele, hushikamana na mizizi na kuipelekea maji na chumvi ambazo mizizi yenyewe isingezifikia. Kwamba katika mizizi ya maharage mna vinundu, na ndani ya vinundu wamo bakteria wanaoichukua naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Yote aliyoyasema yalikuwa kweli tupu, na watoto waliyanakili kwa utiifu katika madaftari yao. Lakini mimi niliyezoea kusoma nyuso za wanafunzi niliona kwamba maneno yale yalikuwa yamefika kwenye kalamu na hayajafika kwingine.

Kisha, kama mtu aliyekumbuka kitu njiani, akawasimulia habari ya Charles Darwin. Mwingereza huyo, ambaye wengi humjua kwa mambo mengine, alitumia sehemu kubwa ya uzee wake kuwachunguza nyungunyungu, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1881, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, aliandika kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza tani zaidi ya kumi za udongo hupita katika matumbo ya nyungunyungu kila mwaka katika kila eka moja na kutolewa juu. Alitaka kujua kama viumbe hao husikia, basi akaagiza wapigiwe filimbi, wapigiwe zumari kubwa, wapigiwe kinanda, na wao hawakushughulika hata kidogo. Lakini vyungu walimokaa vilipowekwa juu ya kinanda chenyewe na noti moja ikapigwa, walirejea mashimoni mwao mara moja. Walikuwa hawana masikio ya kuisikia sauti ya hewani, ila mwili wao mzima ulikuwa wepesi wa kuuhisi mtetemo wa kitu walichokikalia.

Nyuso za watoto zikabadilika. Msichana mmoja, aliyekuwa mpiga ngoma hodari, akanyoosha mkono na kuuliza: “Mwalimu, basi sisi tukicheza ngoma uwanjani, wao huko chini wanatusikia?” Mwanachuoni akamjibu kwamba bila ya shaka mtetemo wa miguu yao huwafikia. Jioni ile ile watoto walijaza udongo katika kopo, wakatia nyungunyungu, wakangoja giza liingie mpaka walipojitokeza juu, kisha wakaliweka kopo juu ya ngoma na kuipiga kwa taratibu. Na viumbe wale, mbele ya mwanga hafifu wa kandili, wakajivuta ndani. Hapana aliyecheka. Walishikwa na ukimya wa taadhima, kama watu waliogundua kwamba nyumba waliyodhani ni tupu ina wenyewe.

Tangu usiku ule sikuwa na haja ya kuwashurutisha kujifunza. Walirudi kwenye madaftari yao na kusoma habari za bakteria na kuvu kama wasomavyo habari za jamaa. Nami nikaiona ibra ya pili: sanaa haishindani na elimu, wala si pambo la kuvikwa elimu baada ya kwisha kazi yake, bali ni mlango ambao elimu hupitia ili iingie nyumbani. Takwimu humwambia mtu kwamba viumbe wa ardhini ni wengi, na hakika ni wengi, kwani hesabu iliyotolewa na wanasayansi mwaka 2023 yakadiria kwamba katika kila aina 100 za viumbe wa dunia, zipatazo 59 hukaa udongoni. Lakini takwimu haiwezi peke yake kumfanya mtu aone haya ya kuwachoma moto anapochoma mabua shambani.

Tukaanza basi kutunga. Nilichagua bahari ya shairi la kawaida la mizani kumi na sita, kwa kuwa ndilo ambalo watoto wetu hulijua kwa sauti hata kabla hawajalijua kwa kanuni, na ubeti wa kwanza niliowapa ulikuwa huu:

Mkulima wa gizani, hana jembe la kushika,
Asubuhi na jioni, kamwe hajapumzika,
Majani makavu chini, taratibu huyazika,
Nyungunyungu wa shambani, kwako mvua yashuka.

Kila mshororo ulibeba jambo ambalo mtoto aliweza kwenda kulishuhudia kwa macho yake: kwamba nyungunyungu huyavuta majani makavu na kuyazika, na kwamba mashimo yake ndiyo njia ambazo maji ya mvua huzipitia kwenda chini badala ya kuteleza juu na kuubeba mlima. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa na uzito mlimani kwetu. Mzazi aliyekwisha kuuona mto ukigeuka mwekundu hakuhitaji tafsiri aliposikia kwamba mvua ina mahali pa kushukia.

Ngoma haikuwa kazi yangu, kwa kuwa mgeni hamfundishi mwenyeji ngoma yake. Niliwakabidhi kazi hiyo kina mama wa kijiji, na kwa Waluguru jambo hilo lina maana kubwa, kwani kwao ardhi hurithiwa kwa upande wa uzawa wa mama, na neno la mwanamke juu ya shamba lina mashiko. Wao waliuchukua ubeti wangu wakauvunja, wakautia katika mwendo wa nyimbo zao za kulima kwa ujima, wakaweka vipokeo, wakaweka mahali pa kukanyaga na mahali pa kunyamaza. Kisha wakaongeza mambo yao. Wakamsifu mchwa kwa kulima uyoga chini ya ardhi, uyoga ule ule ambao mvua za kwanza zikinyesha huchomoza juu ya kichuguu na kuwa kitoweo kitamu. Lakini hawakuficha kwamba mchwa huyo huyo, akikosa majani makavu ya kula, huiangusha mihindi ya watu. Mama mmoja akasema: “Tukimsifu tu, watu watajua tunadanganya, na wakijua tunadanganya kwa mchwa, hawatatuamini kwa nyungunyungu.”

Maneno hayo ndiyo ibra ya tatu, nami nayaona yafaa kuandikwa katika mlango wa kila chuo cha sanaa. Wimbo wa kuhamasisha hupata nguvu yake katika ukweli, na mkulima ni mwamuzi mgumu, kwa kuwa kila siku ya Mungu yumo ndani ya jambo linaloimbwa. Anayemwambia kwamba kila kidudu cha ardhini ni rafiki, hali yeye amekwisha kupoteza mihogo yake kwa wadudu, amejifungia mlango mwenyewe. Bali anayemwambia kwamba shamba lililoachiwa mabua na majani yake humpa mchwa chakula kingine kando ya mihindi, huyo amemheshimu mkulima kwa kumpa habari nzima, na habari nzima huzaa tafakuri.

Wachoraji nao walipata fungu lao. Wakati huo vijana wengi wapendao kuchora nchini walikuwa wakiiga mtindo ulioasisiwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefariki mwaka 1972, ambaye alichora wanyama na ndege kwa rangi za kung’arisha baiskeli juu ya vipande vya ubao. Niliwaambia vijana wangu kwamba sina kauli juu ya chui na tembo, ila tembo hakai katika shamba la mtu yeyote wa kijiji hiki, na wanaokaa humo hawajapata mchoraji. Wakaenda shimoni, wakatoa udongo wa kila tabaka, wakaukausha, wakausaga, wakauchekecha, wakauchanganya na gundi, na kwa rangi hizo, nyeusi ya mboji, nyekundu ya chuma, manjano, kahawia na kijivu, wakauchora ukuta wa shule kwa marefu yake: juu mahindi na maharage ya kimo cha kawaida, na chini, mahali ambapo mchoraji kwa desturi huacha patupu, nchi nzima yenye wakazi wake, nyungunyungu, mchwa, jongoo, tandu, mabuu, na nyuzi nyeupe za kuvu zilizofuma mizizi ya huyu na ya yule. Udongo ulichorwa kwa udongo. Wazazi waliokuja kuuona ukuta ule waliinama bila ya kuambiwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya picha ilikuwa chini ya magoti yao, na huenda kuinama kule ndiko kulikokuwa somo lenyewe.

Siku iliyochaguliwa kwa maonesho ilikuwa tarehe 5 Desemba, ambayo ni Siku ya Udongo Duniani, iliyoanza kuadhimishwa rasmi mwaka 2014. Na kwa bahati njema tarehe hiyo huangukia katika vuli, wakati ambapo kila mkulima wa upande wetu ana udongo mikononi mwake. Kabla ya siku hiyo alikuja mtu mmoja mwenye cheo akatushauri tuutie wimbo wetu beti za kuamuru, zitaje adhabu ya mwenye kuchoma mabua na sheria ndogo zinazohusika. Nia yake ilikuwa safi. Wazee walimsikiliza kwa staha, kisha mmoja wao akasema kwa sauti ya chini: “Bwana mkubwa, amri tulikwisha kuisikia hapa, na tulikwisha kuizikia watu. Huu wacha uwe wimbo.” Hapakuwa na mjadala tena, na wimbo ukabaki wimbo.

Siku ile uwanja ulijaa. Sitadai kwamba kijiji kizima kiligeuka kwa mchana mmoja, kwani hapana ngoma yenye uwezo huo, na asemaye hivyo hazitakii sanaa heri. Nasema niliyoyaona: kwamba msimu uliofuata kulikuwa na moshi mchache kuliko desturi katika miteremko iliyoukabili ukuta wa shule, kwamba baadhi ya nyumba zilianza kutandaza mabua shambani na kuweka mashimo ya mboji, nyingine zikiendelea kama zamani, na kwamba bwana shamba alipopita kuzungumza habari za matandazo na kilimo cha kukinga maji, alikuta watu wenye maswali, na mtu mwenye swali amekwisha kufungua mkono wake kupokea. Wala si ajabu. Katika milima hiyo hiyo, upande wa Kibungo, wakulima katika miaka ya 2000 waliingia kwa hiari yao katika mpango wa kulinda chanzo cha mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam, na wakachimba matuta ya ngazi, yale yale yaliyokataliwa na baba zao, ila mara hii wakiyatia samadi na wakiwa wameyakubali. Kitu kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni njia ya kukileta.

Baadaye nilijaliwa kusafiri hadi magharibi ya Kenya, katika nchi ya Kakamega, ambako ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho ina heshima kubwa hata UNESCO ikaiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Huko niliona jambo ambalo liliniongezea yakini. Wakati wa kumbikumbi, watu huketi kando ya kichuguu, hukifunika kwa matawi na mablanketi, kisha hugonga vijiti kwa mapigo ya haraka na mepesi yanayofanana na matone ya mvua, na watoto huimba; na kumbikumbi, ambao hungoja mvua ili waruke, hutoka kwa maelfu. Jamii ile ilikuwa imejua, bila ya vyombo vya maabara, kwamba viumbe wa ardhini wanaishi katika dunia ya mitetemo, na elimu hiyo waliihifadhi katika mapigo na wimbo. Watafiti waliowachunguza mchwa wa Afrika Kusini wamethibitisha upande wa pili wa habari: mchwa askari, adui anapokivamia kichuguu, hugonga ardhi kwa vichwa vyao, na wenzao wakiuhisi mtetemo ule huupokea na kuupeleka mbele kwa kugonga nao, hata habari ikaenea katika nyumba nzima. Mpiga ngoma yeyote wa kwetu ataufahamu utaratibu huo bila ya kuelezwa mara mbili.

Na huko Uswisi, mbali na jua letu, msanii Marcus Maeder pamoja na wanasayansi wamezamisha ardhini vipaza sauti vya namna ya pekee, wakaunasa mkwaruzo, mlio na mgugumo wa viumbe wanaotembea na kutafuna humo, kisha wakaifanya hadhara isikilize sauti za udongo kama isikilizavyo muziki. Na wananchi nao wamepewa vyombo hivyo wakasikilize bustani zao wenyewe. Niliposoma habari hizo nilifurahi kuona kwamba nchi yenye mali na maabara, nayo, ilipotaka watu wake waujali udongo, iliwapelekea kitu cha kusikiliza.

Kwa hiyo nina nasaha kwa makundi matatu. Kwa washairi wenzangu nasema: tumeandika vya kutosha juu ya ua, na sasa ua linadai tuuimbe mzizi wake, wala asidhani mtu kwamba maudhui hayo ni duni kwa fani, kwa kuwa utenzi mzima waweza kutungwa juu ya jani moja lililoanguka, tangu lilipoguswa na kuvu la kwanza hata liliporudi kuwa jani tena. Kwa walimu nasema: chimbeni shimo kabla ya kufungua kitabu, na karibu ya shimo wekeni ngoma. Na kwa mabwana na mabibi shamba, pamoja na wakuu wao, nasema: nchi hii ilikwisha kuonesha katika mwaka 1973, kwa kampeni ya Mtu ni Afya, kwamba redio na vikundi vya kusikiliza vyaweza kuwafikia watu wapatao milioni mbili na kuwatia katika kazi ya kuilinda afya yao; basi afya ya udongo inastahili juhudi ya kimo hicho hicho, na safari hii watafuteni mafundi wa ngoma, wachoraji na malenga mwanzoni mwa kazi, siku ya kupanga, wala msiwangoje siku ya sherehe kuja kuwatumbuiza wageni.

Alhasili, udongo haukosi wataalamu wa kuupima, na Mungu awazidishie. Unachokosa ni watu wengi wanaouona kuwa ni maskani ya walio hai. Wingi huo hauzalishwi kwa faini wala kwa hotuba. Huzalishwa na wimbo ulio wa kweli, uliotungwa pamoja na wenye shamba, ukaimbwa na wale watakaoamka kesho kushika jembe. Na kila kijiji cha Afrika ya Mashariki kinao watu wa kuutunga, wakiombwa kwa heshima na wakipewa nafasi.